Lipu Jumatatu, soketi ziko wapi?

Najua nimepotea. Tesiti zilinibana, halafu kuna jambo la nyumbani limenikaa kichwani wiki nzima, mpaka nikawa namsikiliza mhadhiri wa saikolojia ya elimu huku nachora swichi pembeni ya daftari. Leo Jumapili nimepata upenyo, naliandika lote, maana najua wengi wenu mna wazazi wanaojenga, na sisi wenyewe tutajenga Mungu akijalia ajira.

Kifupi ni hivi. Mzee anajenga kule kwetu Kitura. Kwa wasiopajua, ni kata ndani ya wilaya ya Mbinga, mkoani Ruvuma, milimani kwa Wamatengo, kwenye kahawa na mashamba ya ngoro. Baridi ya Juni na Julai kule sio ya kuhadithiwa. Nyumba ni ya tofali za kuchoma: vyumba vitatu, sebule, korido, stoo. Ilipigwa bati mwaka jana baada ya mauzo ya kahawa, na msimu huu hela imetosha lipu. Fundi lipu kaahidiwa Jumatatu. Sasa Jumamosi ya wiki iliyopita alikuja fundi umeme, akapita chumba hadi chumba, hata dakika kumi hazikuisha, akamwambia mzee: taa moja katikati ya kila chumba, soketi moja kila chumba, sebuleni mbili, taa ya baraza, imetoka hiyo. Pointi kumi na mbili. Mzee akanipigia kunipa habari njema.

Mimi nasomea ualimu wa fizikia na hisabati, kwa hiyo pale nyumbani nikifungua mdomo kuhusu umeme wananisikiliza kidogo. Kidogo, nimesema. Nikamuuliza, "Baba, na jikoni?" Akanyamaza. "Jikoni kuna moto, mwanangu." Duh.

Kwa nini haraka? Kwa sababu ya lipu. Nyumba ikiwa bado matofali, kutindua ukuta ili kulaza paipu ni kazi ya patasi, nyundo na vumbi. Ukishapiga lipu, ukaskimu, ukapaka rangi, kila soketi unayoikumbuka baadaye ni kidonda: unabomoa, unaziba, kiraka kinaonekana miaka yote. Au unapitisha waya juu ya ukuta na vipini vya plastiki, au unafanya wanachofanya wengi, unanunua ekstensheni. Yaani nilikuwa na siku kama nane za kumbadilisha mawazo mzee aliye kilomita mamia kutoka hapa, tena mzee ambaye ada yangu ya kidato cha tano na sita imetoka kwenye miti ileile ya kahawa. Si rahisi kumwambia ongeza hela.

Na mjue wapi wazee wetu wametokea. Mimi nimesoma shule ya msingi kwa koroboi, moshi puani, baadaye tukapata kitaa cha sola. Umeme wa Mbinga mjini wenyewe ulikuwa wa majenereta ya dizeli, ukiongezewa na kamtambo ka maji cha watu binafsi pale Mbangamao. Songea nako walikuwa wanapigwa tafu na masista wa Chipole, ambao walijenga mtambo wa Tulila kwenye mto Ruvuma. Masista! Megawati 5. Nikiwa sekondari ndipo ukaja msongo wa kilovolti 220 kutoka Makambako hadi Songea, Rais Magufuli akauzindua Aprili 2019, tukaingia gridi ya taifa. Halafu nguzo za REA zikaanza kupanda milima. Kwa hiyo mtu kama baba, akisikia taa moja kila chumba, kwake hiyo ni ikulu. Simlaumu. Ukitoka kwenye koroboi moja ya kuhamishwa mkononi, taa saba ni nyingi mno. Tatizo ni kwamba nyumba hii haijengwi kwa ajili ya mtu aliyetoka kwenye koroboi, inajengwa kwa ajili ya miaka thelathini ijayo.

Hebu niwape mfano wa karibu. Mnaokaa hosteli mnaijua hali. Chumba kimoja, soketi moja ya matundu mawili, wanafunzi sita. Ekstensheni inazaa ekstensheni. Wiki iliyopita nilifanya hesabu kitandani: birika la wati 2,000, pasi ya wati 1,200, na ile hita ya kuchovya kwenye ndoo tuseme wati 1,000. Jumla 4,200. Gawanya kwa volti 230, unapata kama ampea 18. Vyote vinapita kwenye plagi moja ya miguu mitatu ambayo fyuzi yake ni ya ampea 13. Kazi ya fyuzi ni kukatika hapo. Ila dada mmoja (simtaji, anasoma humu) alishachoka kununua fyuzi, akazungushia karatasi ya ng'aring'ari ya pakiti ya sigara. Haikatiki tena, kweli. Kinachochemka sasa ni waya wenyewe, ulio chini ya godoro la mtu. Nilimwondolea siku hiyohiyo akaninunia siku mbili.

Sasa hiyo ndiyo picha niliyompa baba. Nyumba ya soketi chache sio nyumba ya matumizi kidogo, ni nyumba ya ekstensheni nyingi. Vitu havipungui kwa sababu tundu ni moja. Akacheka: "Kwani sisi tuna birika?" Nikamwambia mtakuwa nalo.

Shangazi yangu wa Mbamba Bay ni ushahidi mwingine. Kule ziwani ni joto, sio kama kwetu, usiku bila feni hulali. Wakati anajenga aliweka soketi karibu na mlango wa kila chumba kwa sababu ndipo swichi zilipo, fundi akaona asiongeze paipu. Kitanda kiko upande wa pili, chini ya dirisha. Kwa hiyo kila chumba kina waya unaovuka sakafu kama kamba ya kutegea panya, na yule friza wake wa samaki amekaa koridoni, eti ndipo penye tundu lililobaki. Ukienda chooni usiku unapita ubavu. Nyumba nzuri, sakafu ya kung'aa, ila kila mgeni lazima aambiwe, "angalia waya."

Basi nikasema nisibishane na mzee kwa nadharia. Nikampigia mama. Nikamwambia, "Mama, shikamoo. Naomba unitembeze siku yako, kuanzia unaamka mpaka unalala, uniambie kila ukiwa gizani." Akadhani natania, akaniuliza kama nimekula. Nikang'ang'ana. Hapo ndipo nilipopata ramani ya nyumba, na niseme tu, hakuna mtu aliyekuwa amemuuliza. Fundi alizungumza na baba. Baba akazungumza na mimi. Mama yuko jikoni.

Akaanza. Saa kumi na moja alfajiri anatoka mlango wa nyuma, sio wa mbele. (Taa ya baraza ya fundi iko mbele, kwa wageni.) Anavuka uwanja kwenda jiko la nje, simu mdomoni kama tochi, mikono imebeba sufuria. Anawasha moto. Moto unamulika miguu na kuta, haumuliki bakuli. Akikatakata mboga alfajiri anaegemea mlangoni asubiri kupambazuke, au anakata kwa kupapasa. Alishajikata. Hilo sikulijua! Kovu lile kwenye kidole cha shahada, mimi nilidhani ni la jembe.

Kisha stoo, kuchota unga na maharage, gizani, kati ya magunia na kahawa ya maganda inayosubiri kupelekwa chamani. Halafu banda. Mama ana mpango wa kulea vifaranga, na kwa baridi yetu kifaranga bila joto hamalizi wiki. Sasa hivi anatumia chungu cha mkaa ambacho kinabidi kichungulie kila baada ya saa mbili usiku kucha, moshi ukizidi wanakufa, ukipungua wanakufa. Jioni anarudi shambani, anapika tena gizani. Usiku bibi, ambaye macho yake hayaoni vizuri, anataka kwenda chooni, choo kiko nyuma ya jiko, hatua kama thelathini, na mawe. Mama ndiye anayemshika mkono. "Mara ngapi kwa usiku?" "Mara mbili. Siku za baridi mara tatu."

Nilikuwa naandika tu. Nilipokata simu nilihesabu: kati ya sehemu alizonitajia, karatasi ya fundi ilikuwa imegusa moja, stoo. Zile nyingine zote hazimo. Taa zote nyingine zilikuwa zimepangwa mahali ambapo mama hayupo wakati wa giza.

Usiku huo nikachora upya. Nimetumia akili ya kawaida na fizikia kidogo, wala sikuhitaji zaidi. Taa sio kumulika chumba, ni kumulika mikono. Ukiweka balbu moja katikati ya jiko, mama akigeukia meza ya ukutani mwanga unakuwa mgongoni, anajikatia mboga ndani ya kivuli chake mwenyewe. Kwa hiyo jikoni nikachora mbili: moja upande wa meza, ukutani, mbele yake kidogo, nyingine mbali na figa maana moshi na mvuke vinaziba balbu na kula holda. Mdogo wangu yuko kidato cha tatu, mwakani ana mtihani wa taifa. Meza yake nikaiweka ili taa imjie kushoto, kwa kuwa anaandika kwa mkono wa kulia, la sivyo mkono unatia kivuli kwenye mstari anaouandika. Vyumbani chandarua kinakula mwanga wa balbu ya katikati, kwa hiyo ni bora taa isikae juu ya kitanda kabisa.

Swichi nazo. Mlioishi kwenye nyumba za kupanga mmeona swichi iliyo nyuma ya mlango: unafungua, unaingia, unaufunga mlango gizani ndipo uifikie. Fundi hana kosa hapo, aliweka kabla mlango haujaja, na fundi seremala akafunga bawaba upande alioona unafaa. Kwa hiyo kabla ya kutindua lazima ujue kila mlango unafungukia wapi. Nilimtuma mdogo wangu azunguke na chaki, achore ukutani upande wa bawaba. Alifanya ndani ya nusu saa, bure. Na koridoni nikataka swichi za njia mbili, moja mwanzo na moja mwisho, ili mtu awashe akiingia na azime akifika chumbani, badala ya taa kukesha kwa sababu hakuna anayetaka kurudi gizani.

Soketi nikaziweka sentimita kama 40 kutoka sakafuni, ila jikoni na stoo juu ya usawa wa meza, maana chini kuna maji, kuna majivu na kuna kuku. Jumla ikatoka pointi ishirini na tisa. Taa kumi na tatu, soketi kumi na sita.

Nilipomtumia baba picha hakujibu siku nzima. Tiki mbili za bluu, kimya. Kesho yake akapiga: "Mwanangu, umeme sio ngoro useme utaongeza shimo." Nikacheka, na yeye akacheka, lakini nilijua ndio amekataa hivyo.

Hoja yake kubwa haikuwa hata ya paipu, ilikuwa LUKU. Taa kumi na tatu zitakula yuniti. Hapo nikamshukuru Mungu kwa hisabati. Kwa bei za EWURA za 2016, mteja mdogo wa kundi la D1 anapata yuniti kwa shilingi 100 mpaka yuniti 75 kwa mwezi, bado kodi na tozo. Akipita 75, zinazozidi ni shilingi 350 kila moja, na akizoea kupita anahamishiwa T1 ambako kila yuniti ni 292. Kwa hiyo mchezo wote ni kukaa chini ya 75. Haya, sema taa sita zinawaka kwa wakati mmoja saa tano kila usiku. Balbu zile za zamani za wati 60: yuniti 54 kwa mwezi. Taa za LED za wati 9: yuniti 8 na kidogo. Ongeza balbu ya joto ya vifaranga ya wati 60 inayowaka usiku na mchana, hiyo peke yake ni yuniti 43. Kwa LED jumla inakuwa kama 51, mama analea vifaranga na bado tuko D1. Kwa balbu za zamani inakuwa 97, tumetoka. Idadi ya holda ukutani haili kitu. Inayokula ni balbu unayoichomeka na saa unazoiacha.

Mzee akasema nirudie hiyo ya vifaranga. Nikarudia. Halafu akasema, "Zungumza na fundi."

Mimi nilikuwa nimejiandaa kwa vita na fundi, wadau. Kumbe mtu mwenyewe muungwana. Ananiita mwalimu. Akaniambia: "Mwalimu, mimi nikimpa mteja pointi thelathini anakimbia, anamtafuta wa bei rahisi anayesuka waya za ajabu. Namwandikia kumi na mbili ili nipate kazi." Ukweli mtupu huo. Fundi analipwa kwa pointi, mteja anapunguza pointi, wote wawili wanakutana kwenye taa moja katikati ya chumba. Tena yeye ndiye aliyenipa wazo ambalo limeokoa jahazi: "Tulaze paipu zote sasa na boksi zake, tuzifunike. Waya tunavuta kwa zile mtakazoweza. Zilizobaki, kahawa ikitoka mwakani nakuja kuvuta tu, sitindui tena." Paipu ya plastiki na kiboksi ni kitu kidogo ukilinganisha na waya wa shaba. Kinachoumiza mfuko ni waya, swichi na soketi zenyewe, na hivyo vinaweza kusubiri. Lipu haisubiri.

Tukaongea nusu saa, salio langu la bumu likaenda. Nilimuuliza maswali ya mtihani naye akayajibu: waya wa milimita 1.5 kwa taa, 2.5 kwa soketi, na asiwe mtu wa kuunganisha soketi kwenye waya wa taa kwa kuwa uko karibu. Taa na soketi kila kundi na saketi breka yake kwenye bodi, ili siku soketi ya banda ikileta shoti nyumba nzima isizime. Nikasisitiza ile mafundi wanaita ELCB, inayokata umeme ukivuja hata ampea ndogo sana, milliampea 30, kwa sababu kuna jiko lenye sakafu ya udongo, kuna bafu, kuna bibi anayetembea pekupeku. Akasema ataiweka, na ethi ataizika nyuma ya bafu ambako udongo hukaa na unyevu mwaka mzima, badala ya mbele penye changarawe kavu. Radi za kwetu mnazisikia kwenye redio tu, sisi tunazisikia juu ya bati. Darini, kwa kuwa dari yenyewe bado, waya zipite ndani ya paipu mpaka mwisho, panya wa kwetu hawachagui.

Kwenda jikoni mimi nilidhani waya upite juu, nguzo ya mti hadi ukutani. Yeye akakataa, akasema uzikwe, waya wenye kinga ya chuma, futi mbili chini, kwa sababu juu ndipo mama anapoanika nguo na ndipo miti ya mahindi inapokokotwa. Nikaandika. Akanieleza pia kwa nini mita ikae kona ya kusini ya nyumba: nguzo iko upande huo, na ukiwa ndani ya mita 30 hakuna haja ya nguzo ya ziada. Bei ya kuunganishiwa kijijini ni shilingi 27,000, ilibaki hivyohivyo hata pale za mjini zilipopanda mpaka 320,960 Januari 2022. Kwa hiyo watu wanaona umeme ni 27,000. Hiyo ni ya kufikishiwa mlangoni, jamani. Ya kuanzia mlangoni kwenda ndani ni yako, na ndiyo inayokwamisha wengi. Nguzo imepita mbele ya nyumba na ndani bado koroboi. Kuna kale kabodi ka Umeme Tayari, UMETA, kwa nyumba ya chumba kimoja au viwili ambayo haijasukwa waya, na kwa mtu wa namna hiyo ni msaada mkubwa. Yetu ilishapita hapo. Na leseni nilimuuliza, kwa adabu. Anayo, ya EWURA, akanitumia picha kabla sijamaliza sentensi. Nadhani nilimpendeza.

Alhamisi na Ijumaa wametindua. Mdogo wangu alikuwa ananitumia picha kila saa, kuta zina mifereji kama shamba. Mgawo umekuwa hivi. Zilizosukwa waya kabisa ni kumi na tisa. Saba ni paipu tupu na boksi zilizofunikwa, zinasubiri kahawa: mbili sebuleni, moja chumba cha wazazi, moja kwa mdogo wangu, korido, stoo, na ya pili ya jikoni. Tatu zimekataliwa.

Hela ya nyongeza imetoka wapi? Za jiko na banda, pointi tano, mama amelipa mwenyewe. Alikuwa na maharage yake amehifadhi, hakuna aliyejua ni debe ngapi, na baba hajauliza. Alimwambia fundi mbele ya baba, "Hizi andika kwangu," basi. Taa ya mlango wa nyuma na ya choo cha bibi, baba ameuza nguruwe mmoja. Swichi ya njia mbili ya koridoni fundi ametoa paipu bure, kisha akasema ni zawadi kwa mwalimu.

Bibi ameonyeshwa mahali taa yake itakapokaa. Amegusa boksi ukutani, akauliza kama inauma.

Kati ya zile tatu zilizokataliwa, moja ni taa ya pili ya sebuleni, baba anasema watu wawili wakiongea hawahitaji kuonana hivyo. Moja ni soketi ya baraza, anaogopa kijiji kizima kitahamia kuchaji simu, na hapo sina ubishi, angekuwa sahihi. Ya tatu ni soketi ya pili ya chumba cha wageni. Nilimpigia kuitetea. Akasema mgeni akitaka kuchaji simu na laptop kwa pamoja, aje sebuleni akae na watu. Sasa chumba cha wageni ndicho ninachokitumia mimi nikirudi likizo, naye anajua hilo vizuri sana.

Kesho lipu inaanza saa mbili. Nimemwambia mdogo wangu apige picha ya kila ukuta asubuhi kabla hawajaanza, na futi kamba ikiwa imenyooshwa pembeni ya paipu, ili mwakani tukitafuta boksi zilizofunikwa tusianze kugonga ukuta kama wawinda hazina. Amesema simu yake imejaa. Nimemwambia afute video za mpira.

Mimi nina semina saa moja asubuhi na sijasoma hata ukurasa. Usiku mwema, wadau.